Damu ya Nani Yenye Kosa?

Watu hunena, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Methali hii hutajwa upesi posa inapoletwa, au mtoto anapozaliwa dhaifu. Wazee hukaa, huhesabu nasaba, na mara nyingi hukumu humwangukia mmoja, naye ni mama wa mtoto. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyeleta damu mbaya nyumbani. Leo twataka kuipima hukumu hiyo, na shahidi wetu ni kiumbe mdogo sana, yaani mnyoo.

Jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans. Urefu wake wapata milimita moja. Huishi katika udongo na matunda yaozayo, akila bakteria, wala hamdhuru mtu. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimchagua akiwa Cambridge, Uingereza, na mwaka 1974 alitangaza kazi yake kubwa juu ya urithi wa mnyoo huyo. Huwa mpevu kwa muda wa siku tatu hivi. Tena ana jambo la ajabu: walio wengi wana uzazi wa kike na wa kiume katika mwili mmoja, hata mmoja peke yake aweza kuzaa watoto wapatao 300. Madume ni wachache mno.

Sasa tazama jaribio lenyewe. Mtaalamu humtwaa mnyoo mwenye hitilafu ya kurithi, tuseme mfupi na mnene kupita kiasi, akamweka katika kisahani pamoja na madume wazima. Watoto wa madume hao wote huonekana wazima. Asiyejua angesema hitilafu imekwisha. Kisha mtaalamu huwatenga wasio madume kati ya watoto hao, wazae kila mmoja peke yake, na tazama, katika wajukuu, mmoja hivi kwa kila wanne ni mfupi kama bibi yake. Hitilafu haikufa, ilijificha. Na mjukuu huwa mfupi pale tu anapoipokea pande zote mbili, katika yai na katika mbegu.

Kanuni hii haikuanza kwa minyoo. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliigundua kwa njegere za bustani ya monasteri yake mjini Brno, akaieleza hadharani mwaka 1865. Walimwengu hawakumjali hata mwaka 1900, yaani miaka 16 baada ya kufa kwake.

Ugonjwa wa selimundu, uitwao pia sikoseli, hufuata kanuni hiyo hiyo. Baba mzima na mama mzima waweza kila mmoja kubeba asili ya ugonjwa huo bila kujua. Wakioana, katika kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa. Wala haziendi kwa zamu. Kila mimba huanza hesabu upya. Mnyoo mwenye watoto 300 huonyesha hesabu hiyo wazi, lakini nyumba yenye watoto watatu haiwezi. Nyumba moja yaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, na jirani yao asipate hata mmoja. Hapo ndipo watu, kwa kutoiona hesabu, hutafuta mchawi, au laana, au kosa la mke. Lakini mama peke yake hakuweza kuuleta ugonjwa huo. Baba naye alitoa nusu yake. Basi amfukuzaye mkewe kwa ajili hiyo amfukuza asiye na kosa, tena ajisahau mwenyewe.

Labda mtu atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona tusifanye kama yule mtaalamu, tukachagua nani azae na nani asizae? Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1933, watu wapatao 400,000 waliondolewa uwezo wa kuzaa. Papa Pio XI alikuwa ameonya mapema, katika barua yake ya Desemba 1930 juu ya ndoa, kwamba serikali haina haki ya kuwakataza watu kuoa, wala kuwaharibu mwili, ati kwa kutafuta kizazi bora. Hata hivyo alikubali kwamba yafaa wengine washauriwe. Angalieni tofauti hiyo. Ashauriwaye hubaki na uhuru wake. Alazimishwaye hufanywa mnyoo wa kisahani.

Kwa hiyo wachumba na wapimwe damu kabla ya ndoa, tena wote wawili. Mmoja akiwa amebeba asili hiyo, na mwenzake ana damu ya kawaida, watoto wao hawatapata selimundu, ingawa baadhi yao waweza kuibeba. Wote wawili wakiwa nayo, wapate shauri la daktari na la padre, kisha waamue wenyewe. Wazazi wasiugeuze ukweli huo kuwa fimbo ya kuvunjia posa wasiyoitaka.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani. Bwana aliwaondolea lawama yeye na wazazi wake, kisha akamponya. Nasi penye mtoto mgonjwa tuache kuuliza damu ni ya nani. Tumsaidie mama yake kumfikisha hospitali.