Misumeno ya Babu, Kufuli Langu

Babu aliniachia misumeno mitatu. Hakuandika wosia. Alimwambia tu mama kwamba "vile vyuma" apewe yule kijana wa maswali mengi. Baada ya matanga mama akavifunga kwa leso mbili kuukuu na kamba ya katani, nami nikashuka navyo kutoka Wundanyi hadi Voi, kisha basi la usiku mpaka Nairobi, furushi likiwa mapajani. Kondakta aliniuliza kama hilo ni gitaa.

Mmoja ni wa kupasulia, unaofuata urefu wa ubao. Meno yake yamenolewa kama patasi ndogondogo. Wa pili ni wa kukatia, unaopita ubao kwa upana, na meno yake ni kama visu. Wa tatu ni mdogo, una mgongo wa shaba ili usipinde, nao ni wa kazi za maungio. Mipini yote mitatu imechongwa na babu mwenyewe na inang'aa pale kiganja chake kilipokaa. Nikiishika, mkono wangu unaingia kwenye nafasi ya mkono wake. Wacha niseme ukweli, mara ya kwanza nilikaa chini.

Ninaishi nyumba ya kupanga huko Kahawa West. Nyuma kuna kistoo cha mabati, mita mbili kwa tatu, na hicho ndicho karakana yangu. Siku za wiki nafanya kazi ya kompyuta, wikendi natengeneza stuli na rafu. Sijioni fundi. Fundi wa kweli yuko mtaa huo huo, mzee wa milango na vitanda, na wiki chache baada ya mimi kuleta lile furushi alinibishia hodi.

"Kijana yangu, nasikia uko na misumeno ya kizamani. Sanduku langu limeibwa kwa mjengo. Niazime mmoja siku mbili tu, niko na milango ya kumaliza."

Nikamwambia, "Pole sana, Fundi. Lakini hii ni ya marehemu babu yangu. Siwezi."

Hakubishana. Aliuchukua ule wa kukatia, akapitisha kidole gumba juu ya meno, polepole. Akasema, "Huu umenolewa na mtu anayejua." Kisha akaurudisha mezani na kwenda zake.

Wikendi hiyo hiyo nikatengeneza sanduku. Nilinunua mbao za saiprasi, nikaunganisha vizuri, nikatandika kipande cha blanketi ndani, nikalaza misumeno, nikatia kufuli. Nilijiambia kwamba ninamheshimu babu. Ukiniuliza sasa, nadhani nilikuwa ninamfungia mlango yule mzee kwa mara ya pili.

Mvua za Aprili zikaja. Nilipofungua sanduku mwezi wa Juni, misumeno ilikuwa na kutu ya rangi ya chai ya maziwa, kutoka mpini hadi ncha.

Sababu si muujiza. Mbao zinazouzwa mtaani mara nyingi bado ni mbichi, na zangu zilikuwa hivyo. Maji ya ubao yakatoka yakaingia kwenye blanketi, blanketi likayashika, na kufuli likahakikisha hewa haipiti. Juu yake mabati, ambayo usiku hutoa jasho. Chuma kinachotumika hupanguswa, hupakwa mafuta, husuguliwa na mbao zenyewe. Chuma kinachofungiwa hakina mtu wa kukiangalia. Nilikuwa nimeiharibu misumeno ya babu kwa kuilinda.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ambalo halitoki. Kutunza kitu ni kufanya nini hasa?

Kuna sanduku moja maarufu la seremala lililoko makumbusho ya Guildhall mjini Rochester, Uingereza. Mwaka 1796 baba mmoja alimnunulia mwanawe Benjamin Seaton vifaa kamili vya useremala kutoka duka la London. Kijana akatengeneza sanduku zuri la kuviweka, lenye sehemu ya misumeno. Misumeno yenyewe ilitoka kwa Kenyon wa Sheffield (usicheke, hakuwa Mkenya). Zaidi ya miaka 200 baadaye vifaa vile bado vinaonekana kama vipya, na sababu ni kwamba Seaton hakuvitumia sana. Kwa wanaosoma historia ya useremala hiyo ni hazina, maana bila yeye tungejua machache kuhusu vifaa vya wakati ule. Kwa hivyo sisemi kwamba kuhifadhi ni upuuzi. Lakini nikifikiria yule baba, najiuliza kama alinunua misumeno ili mwanawe awe seremala au ili tuje tuione sisi.

Sasa linganisha na ule msumeno wa babu wa kupasulia. Upande wa ncha, bapa lake limekuwa jembamba sana. Halikutoka kiwandani hivyo. Kila mara unaponoa kwa tupa, unaondoa chuma kidogo, na babu alinoa kwa miaka mingi. Yaani kule kuutunza ndiko kulikuwa kunaumaliza. Angetaka ubaki mzima, angeuacha butu. Watu wawili, misumeno ya aina moja. Wa mmoja ni mzima na wa mwingine umeliwa karibu nusu, na mimi nikiulizwa ni upi ulitunzwa zaidi, nitanyoosha kidole kwa ule ulioliwa.

Wahenga walisema kitunze kikutunze. Mimi nilikuwa nimesoma nusu ya kwanza na kuishia hapo. Sanduku langu lilikitunza kitu, lakini kitu hakikumtunza mtu yeyote. Hakikunitunza mimi, maana niliogopa kukitumia, wala hakikumtunza Fundi, aliyekuwa na milango ya kumaliza na watoto wa kulisha. Penye miti hakuna wajenzi, na siku ile mjenzi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni nikamrudisha.

Najua utaniambia nini. Mtaani ukiazima kitu, hukioni tena. Nimepoteza nyundo, nimepoteza kitabu, nimepoteza hata sufuria ya mama. Ukarimu usio na macho ni njia tu ya kuwapa watu wengine kazi ya kukuharibia vitu. Hilo ni kweli, na sitaki kulipita haraka. Hata babu hakuwa mtakatifu. Misumeno yake ilining'inia kwenye misumari kando ya mlango, na majirani walipiga hodi wakaazima. Lakini aliandika kwa chaki ukutani nani amechukua nini. Ukirudisha msumeno butu, unafokewa mbele ya watoto wako. Sikumbuki akimnyima fundi, ila namkumbuka akimnyima mtu aliyetaka msumeno wa kukatia mti wenye misumari ya uzio. Alitofautisha anayeomba kwa sababu ana kazi na anayeomba kwa sababu hajali. Kufuli haliwezi kutofautisha. Ndiyo kasoro yake kubwa. Linakupumzisha usiwe na haja ya kumwangalia mtu usoni na kuamua.

Basi nikaanza upya. Kutu niliitoa kwa msasa laini na mafuta ya cherehani, jioni tatu. Sehemu nyingine zimebaki na madoa meusi na zitabaki hivyo. Safari hii nikanunua mbao na kuziacha ndani ya nyumba zikauke kabla ya kuzigusa. Nikatengeneza kabati la ukutani lisilo na mlango. Chini kuna fimbo ya mviringo ambayo mipini inakaa juu yake, na juu kuna kipande cha ubao chenye mikato mitatu ambamo mabapa yanasimama, kila moja mbali na mwenzake ili meno yasigusane.

Ile mikato niliikata kwa misumeno yenyewe. Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kushoto, moja kulia, ndiyo maana njia inayokatwa huwa pana kuliko bapa. Kwa hivyo kila msumeno ulijikatia nafasi inayoutosha, na unaingia na kutoka bila kusukumwa. Nimegundua kwamba kazi ya kabati ni hiyo ya pili. Kuingiza kitu ni rahisi, hata shimo linaingiza. Pahali pazuri pa kuwekea msumeno ni pale ambapo kuutoa ni rahisi.

Kisha nikaenda kwa Fundi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, nikasema machache. "Fundi, ile siku nilikosea. Nisamehe." Alikuwa ameshanunua mwingine wa bei rahisi, wa ile aina yenye meno magumu ambayo tupa haiyaingii. Ukiisha makali unautupa. Akacheka, akasema yaliyopita si ndwele. Lakini siku ya pili alikuja kuazima ule wa kukatia.

Ulirudi umevunjika jino. Aligonga msumari ndani ya mbao kuukuu. Alisimama mlangoni, mzee wa umri wa baba yangu, akaniuliza ni pesa ngapi. Iliniuma, sitadanganya. Nilimwambia anifundishe kunoa, tutakuwa sawa. Jumapili mbili alikaa kwenye stuli yangu akinionyesha jinsi ya kushika tupa, na sasa najua kitu ambacho babu alikuwa anajua na ambacho sikuwahi kumwuliza, pamoja na maswali yangu yote.

Leo mkato wa katikati uko wazi. Ubavuni mwa kabati nimeandika kwa chaki: Fundi, wa kukatia, Jumamosi. Leo ni Jumatatu. Nimeutazama ule mkato asubuhi na nimeutazama tena jioni. Sijampigia simu bado.