Nazi, Mwezi na Sheria Moja

Nazi ikichopoka kwenye mnazi wenye urefu wa mita 20 huchukua sekunde 2 kufika ardhini, na inapogota chini mwendo wake ni karibu kilomita 70 kwa saa. Aliyekulia pwani anajua kwamba chini ya mnazi si mahali pa kulala. Lakini hebu tuziangalie hizo sekunde 2 kwa karibu. Zigawe katika sehemu 4 zilizo sawa, kila moja nusu sekunde, kisha ipime safari ya nazi. Katika nusu sekunde ya kwanza itashuka mita 1.2 hivi. Katika ya pili, mita 3.7. Katika ya tatu, mita 6.1. Katika ya nne, mita 8.6. Linganisha kila umbali na ule wa kwanza, utapata mara 1, mara 3, mara 5, mara 7: namba witiri kwa mpangilio wake, bila kurukwa hata moja.

Namba hizo zimekuwamo katika kila kitu kilichowahi kudondoka kwa uhuru tangu dunia iumbwe. Zilikuwamo katika jiwe lililoporomoka mlimani kabla hajazaliwa mtu wa kulitazama, na zimo katika embe litakaloanguka leo usiku uani wakati wenye nyumba wamelala. Sheria imetimizwa mara zisizohesabika, gizani na mwangani, bila shahidi na bila makosa.

Haya nawaandikia hasa vijana wanaoingia chuo kikuu na kukuta kwenye ratiba yao somo la kwanza la fizikia: umakanika, yaani elimu ya mwendo na kani. Wengi wanaliingia kwa hofu. Wameambiwa na waliowatangulia kwamba ni somo la kuchuja watu, lina fomula nyingi na mitihani migumu. Ugumu upo, sitaukana. Ila ningependa mwanafunzi ajue anaingia wapi. Anaingia mahali ambapo imeandikwa mojawapo ya ajabu kubwa za uumbaji: kwamba Muumba ameuendesha ulimwengu wa mwendo kwa sheria chache, kwamba sheria hizo hazina upendeleo wala usahaulifu, na kwamba binadamu, kiumbe mdogo wa udongo, amejaliwa akili ya kuzisoma.

Aliyezidhihirisha zile namba witiri kwa vipimo ni Galileo Galilei, Mwitaliano aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Hakuwa na saa ya kuaminika, na kitu kinachodondoka wima kilimshinda kwa wepesi. Basi akaupunguza mwendo wenyewe. Alichonga mfereji kwenye ubao mrefu, akauinamisha ubao kidogo, akaviringisha kitufe cha shaba nyeusi ndani ya mfereji ule. Muda aliupima kwa maji: yalitiririka kutoka kwenye chombo kupitia mrija mwembamba, naye akayapima kwenye mizani, maana maji mengi ni muda mrefu na maji machache ni muda mfupi. Kitabu chake kikuu kuhusu mwendo kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, wakati yeye amezuiliwa nyumbani kwake na nuru ya macho imemtoka. Mzee asiyeona aliwaachia walimwengu macho mapya.

Jambo jingine alilolisisitiza Galileo lilikuwa gumu kuaminika: hewa ikiondolewa, vitu vizito na vyepesi huanguka sawia. Ushahidi ulioonekana na mamilioni ulitolewa Agosti 1971. Mwanaanga David Scott wa Apollo 15, akiwa amesimama juu ya Mwezi kusiko na hewa, aliachia nyundo na unyoya wa kozi kwa wakati mmoja. Vikagusa vumbi pamoja.

Somo la umakanika litakueleza sababu, na sababu hiyo inastahili kutafakariwa. Nyundo huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko unyoya kwa kuwa tungamo lake, yaani kiasi cha maada iliyomo, ni kubwa zaidi. Lakini tungamo hilohilo huifanya nyundo iwe kaidi zaidi kukubali mwendo mpya, na ukaidi huo ndio tunaouita inesha. Kinachoongezeka upande wa mvuto huongezeka kwa kipimo kilekile upande wa ukaidi, na matokeo yake vyote hushuka kwa mchapuko mmoja, yaani mwendo wa vyote huongezeka kwa kiwango kilekile. Albert Einstein aliutazama usawa huo kwa miaka, akaujengea nadharia ya jumla ya uhusianifu aliyoikamilisha mwaka 1915. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa 2016, iliukagua kwa vipande viwili vya metali zilizo tofauti. Haikuona hitilafu hata ilipofikia usahihi wa sehemu chache kwa trilioni 1,000. Ni mizani gani ya duka iliyowahi kuwa na uaminifu huo?

Sheria ya kwanza ya mwendo nayo ilichelewa kueleweka, kwa sababu dunia yetu imejaa msuguano. Sukuma mkokoteni, uache, nao utasimama. Kwa hiyo Aristotle na waliomfuata walidhani kwamba mwendo unahitaji msukumaji daima. Miongoni mwa waliolitilia shaka wazo hilo ni Ibn Sina, bingwa wa falsafa na tiba aliyefariki mwaka 1037. Yeye aliandika kwamba kitu kilichorushwa huchukua mwelekeo ambao hauishi wenyewe, ila unapokutana na kizuizi. Baada yake walikuja wengine, mmoja akipokea kwa mwingine, hadi Isaac Newton wa Uingereza alipoiandika sheria kwa ukamilifu katika Principia, kitabu kilichochapishwa mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa mwendo uleule katika mstari mnyoofu, mpaka kani ikilazimishe vinginevyo.

Kama unataka kuiona sheria hiyo ikitimizwa pasipo msuguano, fikiria chombo cha Voyager 1. Kilirushwa mwaka 1977. Sasa kimeshapita umbali wa kilomita bilioni 20 kutoka kwetu, na kinazidi kwenda mbali na Jua kwa takriban kilomita 17 kila sekunde. Hakuna injini inayokisukuma mbele. Vijiinjini vyake hutumika kukigeuza tu ili antena iendelee kuelekea duniani. Kinakwenda kwa sababu kilianza kwenda, na huko kiliko karibu hakuna cha kukizuia.

Wala usidhani umekaa tuli unaposoma haya. Dunia inajizungusha, na mtu aliye kwenye mstari wa ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Chai haimwagiki kikombeni kwa sababu kikombe, chai, meza na mnywaji vyote vimo katika mwendo mmoja. Wataalamu wameutumia mwendo huo hapahapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta huanza safari ikiwa tayari imekopeshwa mwendo na Dunia yenyewe.

Sasa turudi kwa nazi, tuiweke pamoja na Mwezi, kwa maana hapa ndipo kilele cha somo hili.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba mambo ya juu yana kanuni zake na mambo ya chini yana zake. Chini vitu huanguka, huchakaa na husimama. Juu vimulika vya mbingu huzunguka milele. Newton akauliza kama ile kani inayovuta tunda mtini inaweza kuwa inafika hadi mwezini. Hesabu yake unaweza kuirudia leo kwenye karatasi moja. Kutoka kitovu cha Dunia hadi kwenye Mwezi ni takriban mara 60 ya umbali kutoka kitovu hicho hadi hapa juu tunapokaa. Iwapo uvutano hupungua kulingana na mraba wa umbali, basi huko unapaswa kuwa dhaifu mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Nazi hudondoka mita 4.9 katika sekunde yake ya kwanza. Gawanya kwa 3,600, utapata milimita 1.4 hivi.

Kisha utazame Mwezi wenyewe. Kila sekunde unasonga karibu kilomita 1 katika njia yake. Kama usingevutwa, ungekwenda moja kwa moja na kutuacha. Badala yake njia yake inapinda kuelekea kwetu, na ukipima imepinda kiasi gani katika sekunde 1, unapata milimita 1.4.

Namba ni ileile. Mwezi unaanguka. Unaanguka usiku na mchana, nao hautufikii kwa kuwa kila unaposhuka kidogo umekwisha kusonga mbele kiasi cha kuikwepa Dunia. Kani inayoiangusha nazi Pangani au Lamu ndiyo inayoushika Mwezi, ndiyo inayopandisha na kushusha maji ya bahari yanayowapangia wavuvi saa zao za kutoka na kurudi, na ndiyo inayozifunga sayari kwenye Jua. Juu na chini ni milki moja yenye sheria moja. Newton mwenyewe, katika toleo la pili la kitabu chake la mwaka 1713, aliongeza maelezo ya mwisho akikiri kwamba mpangilio huo mzuri umetokana na Mungu mwenye hekima na uwezo. Anayeamini hivyo hana haja ya kuificha imani yake mlangoni anapoingia darasa la fizikia.

Baadaye katika muhula utafika kwenye sheria za uhifadhi: nishati haipotei, inabadilika sura, na momenta ya vitu vinavyogongana, yaani tungamo mara mwendo, haipungui wala haizidi. Utazitumia kukokotoa magari yanayogongana na mipira inayodunda. Lakini mwaka 1918 mwanahisabati wa Ujerumani, Emmy Noether, ambaye chuo cha Göttingen kilikuwa bado kinamnyima cheo cha mhadhiri kwa kuwa ni mwanamke, alionyesha mizizi ya sheria hizo. Nishati huhifadhiwa kwa sababu sheria za maumbile za leo ndizo za jana na ndizo za kesho. Momenta huhifadhiwa kwa sababu sheria zilizopo hapa ndizo zilizopo kule. Momenta ya mzunguko huhifadhiwa kwa sababu hakuna upande wa ulimwengu uliopendelewa kuliko mwingine. Kwa maneno mengine, kila mara unapotatua swali kwa kuandika kwamba nishati ya mwanzo ni sawa na nishati ya mwisho, unashuhudia uthabiti wa uumbaji. Sijui kama kuna tafakuri iliyo juu kuliko hiyo kwa kijana wa mwaka wa kwanza.

Uthabiti huo umewahi kuwafanya watu waone kisichoonekana. Sayari ya Uranus ilikuwa ikienda kombo kidogo na hesabu. Mfaransa Urbain Le Verrier aliiamini sheria ya uvutano, akakokotoa mahali ambapo sayari isiyojulikana ingepaswa kuwapo ili kuivuta Uranus kiasi kile. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle aliielekeza darubini ya Berlin mahali hapo, akaikuta Neptune, pungufu ya digrii 1 kutoka ilipotabiriwa.

Ila huyo huyo Le Verrier alipoiona sayari ya Utaridi nayo ikipotoka kidogo, alitabiri sayari nyingine karibu na Jua. Ilitafutwa kwa miaka mingi, haikuwapo. Kilichokuwa na upungufu safari hii kilikuwa sheria ya uvutano kama Newton alivyoiandika, na hesabu zilikubaliana tu baada ya Einstein kuja na nadharia yake. Maumbile hayakuwa yamekosea. Uandishi wa binadamu ndio uliohitaji kurekebishwa.

Hilo ndilo ningependa mwanafunzi aingie nalo darasani. Utakapopewa swali la kwanza, chora mchoro, weka kila kani mahali pake, andika vizio, usikimbilie fomula. Utakapokwenda maabara, pima kwa subira, rudia, na uandike ulichokiona, hata kama hakifanani na kilichomo kitabuni. Jibu likikataa, usijidanganye kwa kupika namba ili zipendeze; tafuta ulipokosea, maana sheria yenyewe haikukosa. Kijana anayejifunza kuheshimu kipimo kilicho sahihi kuliko matakwa yake amejifunza pamoja na fizikia ukweli na unyenyekevu. Atavihitaji akiwa mhandisi wa madaraja, rubani, daktari au mwalimu wa sekondari kijijini, na watu watakaovuka daraja lake watakuwa salama kwa sababu alivipata mapema.