Kufuatilia Ndege kwa Redio: Je, ni Upelelezi?



Ndugu msomaji, siku moja baada ya darsa nilimuuliza ustadhi wetu swali lililomchekesha kwanza, kisha likamnyamazisha. Kukaa chumbani Gitega nikizisikiliza ndege zinazopita angani, je, ni katika ule upelelezi uliokatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12? Alitaka kwanza aelezwe ninasikiliza nini hasa. Nadhani nawe unataka hivyo hivyo.

Ndege nyingi za abiria hubeba kifaa kinachotangaza, kwenye masafa ya megahezi 1090, namba ya utambulisho wa ndege, mahali ilipo, kimo chake na mwendo wake. Mahali hutangazwa kama mara mbili kila sekunde, bila kuulizwa na bila kufichwa, ili waongozaji wa ndege na ndege nyingine zisikie. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba vile vijiti vya USB vya kutazamia televisheni, vyenye chipu ya Realtek RTL2832U, vinaweza kugeuzwa kuwa vipokezi vya redio vya masafa mengi. Tangu hapo kazi hii si ya majeshi na viwanja vya ndege peke yao. Ni ya mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na subira.

Subira inahitajika. Mtaa wetu umekaa kwenye mteremko unaoelekea Kimisagara. Mbele yetu kuna Mlima Kigali, mgongoni kuna kilima cha mjini, na uwanja wa ndege wa Kanombe uko mashariki, nyuma ya kilima hicho. Mawimbi haya husafiri kama mwanga wa tochi, hayapiti ndani ya mlima. Antena yangu ya kwanza, iliyokuja na kijiti, ilisikia ndege chache tu zilizopita juu kabisa ya vichwa vyetu. Nikatengeneza nyingine kwa waya wa shaba: kipande kimoja kimesimama, vinne vimeinamishwa chini, kila kimoja milimita 69, yaani robo ya urefu wa wimbi. Ikaongeza kidogo. Nikanunua kikuza mawimbi, nikaona idadi ya ndege inapungua badala ya kupanda! Kumbe minara ya simu iliyotuzunguka inapiga kelele kwenye masafa ya jirani, na kikuza changu kilikuwa kinaikuza kelele pamoja na ndege. Ilibidi kitangulie kichujio, kisha kikuza kikae juu karibu na antena, si chini karibu na kompyuta, kwa sababu waya mrefu hula mawimbi dhaifu. Baada ya hapo nikajifunza kupunguza nguvu ya kipokezi, maana kikifunguliwa hadi mwisho huziba, na ndege iliyo karibu ndiyo ya kwanza kupotea.

Mwisho mjomba akaniruhusu kupandisha antena juu ya paa la nyumba yake, huko juu karibu na barabara ya Nyamirambo. Upande wa mashariki ukafunguka. Jioni ile niliona ndege zikivuka Akagera na kushuka kuelekea Kanombe, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kama aliyepewa jicho la tatu.

Ustadhi alinisikiliza, akasema anayetangaza kwa sauti kubwa barabarani hapelelezwi na anayepita njia. Akanikumbusha hadithi ya mtu anayetega sikio kwenye mazungumzo ya watu wasiotaka asikie, na adhabu aliyoahidiwa masikioni mwake. Sharti lipo ndani ya hadithi yenyewe: wasiotaka. Ndege inataka isikiwe. Kuhusu sauti za marubani na waongozaji alisita zaidi. Hapo hata sheria za nchi hazikubaliani: Marekani inaruhusu kuzisikiliza, Uingereza inakataza. Mimi nimeziacha. Nikatoka nimefurahi, nikiona suala limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Miezi michache baadaye mzee mmoja wa mtaani kwetu alifariki akiwa matibabuni Nairobi. Wanawe waliniambia, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani, kwamba mwili unakuja na ndege ya jioni. Mama yao alikuwa na presha. Walikuwa wamemwambia mzee amezidiwa na anarudishwa, wakisubiri kaka mkubwa afike amwambie yeye mwenyewe. Hilo sikulijua, wala sikuuliza. Nilikaa mbele ya skrini, nikaiona ndege ikiingia, nikaandika kwenye kundi la simu la mtaa: mzee wetu anavuka Akagera sasa, baada ya nusu saa atakuwa Kanombe, tujiandae kwa janaza. Nilidhani nawasaidia watu wajipange. Binti wa jirani akausoma ujumbe kwa sauti, sebuleni kwa mama.

Nimejitetea moyoni kwa hoja zote mnazozifikiria. Habari ilikuwa ya kweli. Ndege ilikuwa inajitangaza. Yeyote mwenye intaneti angeweza kuiona, kwani Flightradar24 inakusanya vipokezi vya watu kama mimi duniani kote. Hoja zote ni sahihi, na hakuna hata moja inayogusa kosa lenyewe. Ndege haikusema neno lolote juu ya mzee. Ilitaja namba, kimo na mwendo. Nani yumo ndani yake, hilo nililipata sebuleni, kwa watu walioniamini. Nilichukua nusu moja hewani na nusu nyingine kwenye amana, nikaziunganisha, na zilipoungana zikawa kitu ambacho si hewa wala wenyewe walikuwa wamenipa ruhusa ya kukitangaza. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mtu akikwambia jambo kisha akageuka kutazama pembeni, basi jambo hilo ni amana. Hakusema hata neno la kukuzuia, shingo yake imetosha. Sikuitazama shingo ya mtu. Nilikuwa natazama skrini.

Tangu hapo kila kisa cha namna hii nakiuliza: nusu ya pili imetoka wapi? Mwaka 2016 mwandishi wa habari wa Uswisi alianza kutangaza ndege za watawala wa kiimla zikitua Geneva. Nusu ya pili hapo ni mali ya umma, na mwenye mali ana haki ya kujua inatua wapi. Jack Sweeney, mwanafunzi wa chuo kikuu Florida, alitangaza safari za ndege ya Elon Musk. Kwa maelezo yake aliahidiwa dola 5,000 aache, akataka 50,000, na Desemba 2022 akaunti yake ikafungwa na Twitter. Usajili wa ndege wakati huo ulikuwa wa wazi, sitamwita jasusi. Lakini kusema mtu yuko wapi saa hii hii si sawa na kusema alikuwa wapi jana, na Sweeney mwenyewe baadaye alichelewesha taarifa kwa saa 24. Nadhani saa hizo 24 zina hekima kuliko mabishano yote yaliyozitangulia.

Labda nchi nyingine wanaweza kulichukulia hili kama mchezo wa vijana. Hapa kwetu wapo wazee wanaokumbuka RTLM mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilivyosoma hewani majina ya watu, mahali walipo na hata namba za magari yao. Silinganishi ujumbe wangu na uovu ule, hasha. Nasema tu kwamba mzee wa Gitega akisikia kijana anatangaza fulani yuko wapi sasa, hasikii tunachosikia sisi.

Nilikwenda kwa mama baada ya siku arobaini. Nilishindwa kuanza, akaanza yeye.

"Mwanangu, hicho chombo chako kinasikia mpaka wapi?"

Nikamwambia mpaka kilomita mia na zaidi, mama, tangu tulipokipandisha.

"Na siku ile, kabla hujaandika, ulimuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nikaribie chai. Antena bado iko juu ya paa la mjomba. Kundi la mtaa nimejitoa.