Mwenye Wasiwasi, Je, Ana Hatia?

Katika vijiji vya Lusangi, na katika nchi yote iliyo kati ya Kasongo na Kabambare, mara nyingi huonekana mtu aliyekuwa na nguvu, naye sasa amebadilika. Usiku hapati usingizi. Moyo wake hupiga mbio ingawa ameketi. Chakula hakimpendezi, kichwa humwuma, na neno dogo la mtoto humkasirisha. Huenda dispanseri akapimwa damu, wala haionekani malaria ndani yake. Hapo majirani huanza kutoa hukumu. Wa kwanza husema: "Huyu ni mwoga." Wa pili husema: "Huyu amelogwa." Wa tatu, naye labda ni Mkristu hodari wa sala, husema: "Huyu hana imani; kama angalimtumaini Mungu, asingalihangaika."

Hukumu hizo tatu hazifanani, lakini hakuna hata moja inayomwuliza mgonjwa mwenyewe amebeba nini. Kwa hiyo yafaa kuzipima kwa akili na kwa mafundisho ya dini.

Kwanza, hofu ni nini? Hofu si adui wa mtu. Muumba ameiweka katika mwili kama mlinzi mlangoni. Mtu akimwona nyoka mbele ya mguu wake, hana nafasi ya kufanya shauri. Mwili hutangulia akili. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu maji yaitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi huongezeka, damu hukimbilia mikono na miguu, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Mtu yu tayari kupigana au kukimbia. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mwaka 1936 mtaalamu mwingine, Hans Selye, aliyefanya kazi Montréal katika nchi ya Kanada, alieleza mambo aliyoyaona kwa panya: mwili ukikaa siku nyingi katika taabu, kwanza hushtuka, kisha hushindana, mwishowe huchoka.

Basi, mlinzi ni mwema. Taabu huanza asipojua kupumzika. Nyoka amekwisha kwenda zake, lakini mlinzi angali akipiga ngoma usiku kucha. Ndivyo wazee walivyosema: aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Mtu wa namna hiyo hadanganyi. Usingizi wake umepotea kweli, tumbo lake linauma kweli, na nguvu zake zinakwisha kweli, ingawa mkono wa mganga hauoni kidonda.

Nchi hii yenyewe ina mfano ulioandikwa. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara wa pembe na watumwa waliwapiga bunduki watu waliokuwa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Wengi waliokuja sokoni siku ile walikuwa wanawake. Mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Msafiri Mskoti, David Livingstone, alikuwapo akaona. Yeye mwenyewe hakuguswa na risasi. Lakini aliandika katika daftari yake kwamba alilala alasiri nzima, ameshindwa kwa huzuni ya damu ile iliyomwagika. Tarehe 20 Julai aliondoka Nyangwe bila kuvuka Lualaba, akarudi Ujiji, akafika mwezi wa Oktoba amedhoofika sana. Nani atamwita mwoga mtu huyo, aliyewahi kung'atwa na simba mwaka 1844, wala asiache safari zake? Kuona tu kulitosha kumwangusha. Na wanawake waliookoka siku ile hawakuandika daftari. Walipaswa kutafuta soko tena na moyo ule ule uliotetemeka, kwa maana watoto walitaka kula.

Tangu siku hizo Maniema haikukosa misiba. Maasi ya mwaka 1964 yalipita hapa, tena vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Na katika miaka ya karibuni watu wengi wa Kabambare wamekimbia makwao mara kwa mara kwa ajili ya makundi yenye silaha. Mtu aliyelala porini na watoto wake haachi hofu porini siku anaporudi nyumbani. Tena si vita tu. Yupo baba anayehesabu deni lake kila usiku, yupo mama mwenye mimba anayehesabu umbali wa hospitali. Hao nao mlinzi wao halali.

Sasa lije swali lenyewe: mtu wa namna hiyo, je, ana hatia? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba maono ya moyo, kama vile hofu, huzuni na hasira, kwa yenyewe si mema wala si mabaya. Huwa mema au mabaya kadiri akili na utashi zinavyoyaongoza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo. Dhambi yataka ridhaa ya mtu. Moyo unaopiga mbio usiku wa manane haukuomba ruhusa kwa mwenyewe.

Nabii Elia alishindana na manabii wa Baali bila kutetemeka. Lakini malkia Yezebeli alipomtisha, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalifuata baadaye, mlimani Horebu. Hata Bwana wetu Yesu Kristu, katika bustani ya Getsemani, alishikwa na huzuni na fadhaa, akawaomba rafiki zake watatu wakeshe pamoja naye. Kama fadhaa ingalikuwa dhambi, isingalimpata yeye asiye na dhambi.

Mtu atasema: "Lakini Injili yakataza kusumbukia ya kesho." Ndiyo, ni kweli. Lakini katika fundisho lile lile Bwana hakusema kwamba taabu hazipo. Alisema kwamba kila siku ina taabu yake ya kutosha. Anayemwambia mpagazi auache mzigo wa kesho anampunguzia uzito. Lakini anayemwambia mgonjwa kwamba hana imani anamtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: jana alikuwa na hofu, leo ana hofu na aibu.

Je, basi, mwenye wasiwasi hana wajibu wo wote? Anao. Hofu si kosa, lakini kazi anayoipa hofu yake yaweza kuwa kosa kubwa. Mmoja hunywa lotoko ili asahau. Kesho yake hofu imerudi, na pesa ya chumvi imekwisha. Mwingine humpiga mkewe kwa jambo ambalo mkewe hakulifanya. Na lililo baya kuliko yote ni hili: hofu isiyo na jina hutafuta jina. Humtaja bibi kizee wa nyumba ya pili, au mtoto yatima, kuwa ndiye mchawi. Yule aliyetajwa hufukuzwa, na pengine huuawa. Naye aliyemtaja hukosa usingizi vile vile, kwa sababu ugonjwa wake haukutoka kwa yule kizee. Hapo ridhaa ipo, na dhambi ipo. Tena haimwangukii mgonjwa peke yake: jirani aliyemnong'oneza neno "amelogwa" ana fungu lake katika dhambi hiyo.

Dawa zipo. Mtakatifu Tomaso alipoandika juu ya dawa za huzuni, alitaja jambo lenye kupendeza, machozi, huruma ya rafiki, kutafakari ukweli, na mwishowe usingizi na kuoga. Wengine hushangaa kwamba mwalimu mkubwa wa Kanisa aliandika habari ya kuoga. Lakini alijua kwamba roho na mwili ni mtu mmoja. Juu ya rafiki alifundisha kwamba huzuni ni kama mzigo: mtu akiona wenzake wanahuzunika pamoja naye, huwa kama wanaubeba pamoja naye, nao humlemea kidogo. Watu wa nchi hii, ambao babu zao walibeba mizigo ya misafara, walifahamu neno hilo vema. Mwenye mzigo mzito kichwani hawezi kuutua peke yake bila kuumwaga. Hungoja mtu wa kumtua. Lakini mithali nayo yaonya: mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Aliyesimama pembeni huuona mwepesi.

Kwa hiyo kila jirani ana kazi yake. Aliyesema "mwoga" aende akamsaidie mwenzake kulima, kwa maana kazi ya pamoja huutuliza mwili na kuleta usingizi. Aliyesema "amelogwa" aufunge mdomo wake. Na hodari wa sala asali, lakini kwanza aketi naye, amsikilize mpaka mwisho, wala asimkatize kwa mahubiri. Mgonjwa naye asione haya kusema: "Ndugu, silali." Na kama hali hiyo yadumu majuma mengi, hata mtu hawezi kazi, au anaanza kusema habari ya kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali kama apelekwavyo aliyevunjika mguu, kwa maana ugonjwa huo nao una waganga wake na dawa zake. Anayemsindikiza amchukulie chakula cha njiani, kama malaika alivyomfanyia Elia.