Kifua Chini ya Blanketi

Mwezi wa Julai milima ya Mbooni huamka na ukungu. Saa mbili asubuhi matuta ya shamba la jirani bado hayaonekani, na wanaoshuka sokoni Kikima wamejifunga leso vichwani na kuvaa sweta juu ya sweta. Anayedhani Makueni yote ni jua na maembe hushangaa. Katika baridi hiyo mtoto mmoja wa miezi 11 alishikwa na mafua siku ya Jumapili, na kufikia Ijumaa hakuwa hai tena.

Kisa hiki nimekishona kwa vipande vya visa vingi vya Ukambani, ndiyo maana hakina majina. Atakayejiona humu asidhani amesengenywa. Mambo haya yanajirudia nyumba kwa nyumba.

Mama wa mtoto alikuwa Nairobi, kazi ya nyumbani, akilea watoto wa watu. Wake alikuwa amemwachisha ziwa akiwa na miezi 7, akamwacha kwa susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Susu alikuwa amelea wake wote na kila mmoja akakua. Jumapili, alipoona kamasi na kusikia kikohozi chepesi, alifanya alichokijua: akampaka mafuta kifuani, akamvika fulana mbili, sweta na kofia ya sufu, akamfunga blanketi, akamlaza jikoni karibu na mafiga ili apate joto. Kuni zilikuwa hazijakauka vizuri, na jiko lile lina kidirisha kimoja cha ukubwa wa kitabu.

Jumatatu mwili ukawa wa moto. Susu akambeba mgongoni mpaka kwenye duka la dawa. Muuzaji akauliza, "Ana umri gani? Ana homa?" Akatoa dawa ya malaria, dawa ya maji ya kikohozi, na Panadol ya watoto. Wakati wote wa biashara hiyo mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa hadi kichwani.

Hapo ndipo kisa kilipoharibika. Nimonia, tofauti na magonjwa mengi yanayojificha damuni, huonekana kwa macho. Haihitaji maabara wala eksirei ili ishukiwe. Inahitaji mtu afungue nguo za mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, atazame kifua na tumbo vikipanda na kushuka, na ahesabu kwa dakika nzima. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Kwa mtoto ambaye hajafika miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi kupita kiasi. Kuanzia miezi 2 hadi 11, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Simu ya kawaida kabisa, hata kabambe yenye tochi, ina saa ya kutosha kufanyia kazi hiyo. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mtoto mdogo hupumua kwa mpigo usio sawa: huharakisha, akasita, akaharakisha tena.

Jumanne jioni mama akapiga simu, akamwita susu mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, mtoto anaendeleaje?"

"Joto limepungua. Amelala tu."

Mama akashukuru Mungu. Joto lilikuwa limepungua kwa sababu Panadol hushusha joto, iwe ugonjwa umeondoka au haujaondoka. Na huko "kulala tu" ndiko kulikopaswa kumtoa mbio. Mtoto wa miezi 11 anayeshinda amelala, asiyetaka kuchezeshwa, asiyefuata sauti kwa macho, hapumziki, anaishiwa nguvu.

Usiku huo alikataa uji. Jumatano akatapika kila alichonyweshwa, maji na dawa pia. Susu akasikia kila mtoto anapotoa pumzi inatoka na mguno mfupi, akafikiri ni kamasi zimeziba. Jioni jirani alikuja kusaidia kumbadilisha nguo zilizotapikiwa, na yeye ndiye wa kwanza kukiona kifua tangu Jumapili. Alichokiona ni hiki: mtoto akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ilibonyea ndani badala ya kutanuka. Pua zilikuwa zikitanuka kila pumzi. Jirani hakujua jina la ugonjwa, lakini alijua kwamba watoto hawapumui hivyo. Wakamtafuta mwenye bodaboda. Akasema ukungu ni mzito, mteremko unateleza, wangoje kupambazuke.

Alhamisi asubuhi muuguzi wa zahanati alihesabu pumzi 68. Kifaa cha kubana kidole kilisoma oksijeni asilimia 81, na chini ya 90 mtoto huhitaji oksijeni mara moja. Alimchoma sindano ya kwanza, akaandika barua ya rufaa, gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Wote. Huko aliwekewa oksijeni na kuongezewa dawa kwenye mshipa. Alfajiri ya Ijumaa alifariki.

Watu matangani walimlaumu susu, kichinichini. Mimi simlaumu. Aliyefundishwa kwamba nimonia huletwa na baridi atapigana na baridi, na silaha yake ni blanketi. Ukweli ni kwamba ugonjwa huu huletwa na vijidudu, bakteria na virusi, vinavyopita kutoka pumzi ya mtu hadi pumzi ya mwingine. Msimu wa baridi huvisaidia kwa kutukusanya ndani, madirisha yakiwa yamefungwa na moshi wa kuni ukichubua mapafu ya mtoto mchana kutwa. Kumlaza mgonjwa wa kifua jikoni ili apate joto ni kumwongezea ugonjwa, na fulana mbili na blanketi huficha dalili pekee ambazo mtu asiye daktari angeweza kuziona.

Lawama yangu naipeleka kwenye kaunta ya dawa. Ukambani, homa yoyote huitwa malaria, ilhali Kitui na Makueni maambukizi ya malaria ni machache mno ukilinganisha na kando ya Ziwa Victoria au Pwani. Mwongozo wa Kenya unataka mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na kipimo ni tone la damu ya kidole. Hata kikisema malaria ipo, kifua hakijasamehewa, kwani mtoto anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Homa ikiandamana na kikohozi na pumzi za haraka, mtoto atibiwe nimonia mpaka mhudumu aseme vinginevyo. Dawa ya maji ya kikohozi haitibu mapafu. Asali pia haifai kwa aliye chini ya mwaka 1.

Tiba yenyewe, ikiwahi, ni rahisi hata inauma kuifikiria. Mtoto ambaye pumzi zake ni za haraka lakini ananyonya, anakunywa na yuko macho hupewa amoksilini, vidonge vinavyoyeyushwa katika kijiko cha maji, mara 2 kwa siku kwa siku 5. Anayeanza kucheza siku ya pili hajapona bado. Dawa humalizwa, wala mwenzake hahifadhiwi nusu ya vidonge. Baada ya siku 2 au 3 arudishwe akaangaliwe, na pumzi zisipopungua, dawa ibadilishwe au alazwe. Mafua matupu, pua ikitiririka na pumzi zikiwa za kawaida, hayahitaji amoksilini hata kidogo. Wapo wanaoinunua kwa kila kamasi, kisha siku ya haja vijidudu vimeizoea.

Kisha zipo dalili ambazo hazijadiliwi nyumbani: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anatoa mlio mkali anapovuta hewa hali ametulia. Moja inatosha. Mtoto wetu alikuwa na mbili kufikia Jumatano asubuhi.

Hospitalini walipokifungua kitabu chake cha kliniki, kisanduku cha chanjo za wiki ya 14 kilikuwa kitupu. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia, ile inayoandikwa PCV, mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na pentavalenti ambayo tangu 2001 hukinga dhidi ya kijidudu kingine cha mapafu, Hib. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome waliripoti mwaka 2019 kwamba tangu chanjo ya PCV ianze, watoto waliolazwa kwa nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei walipungua kwa karibu nusu. Kupungua kwa nusu kuna maana kwamba nusu nyingine bado wanalazwa, kwa hiyo aliyechanjwa naye ahesabiwe pumzi. Chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18, nayo ni kinga ya mapafu, kwa kuwa surua huua wengi kwa kuwaachia nimonia. Na mtoto aliyedhoofika kwa njaa hushindwa haraka zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 46 ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 26. Duniani kote, mwaka 2019, nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5.

Wazee nao husahauliwa. Upande wa Mutomo, Kitui, mzee mmoja wa miaka sabini na kitu aliacha kula, akaanza kumwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Hakuwa na joto, na kikohozi chake kilikuwa kile kile cha miaka yote ya tumbaku. Wengine wakasema ni uzee. Wengine wakataja watu wa kijiji kwa sauti ya chini. Wiki ikapita kabla binti yake hajauliza swali la maana: "Baba, unaumwa wapi?" Akashika ubavu wa kulia na kusema kunachoma akivuta pumzi. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Mtu mzima anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au anayechanganyikiwa ghafla, ni wa hospitali siku hiyo hiyo, awe na homa au asiwe nayo. Mzee huyo alipona, ingawa jembe hakulishika tena. Walimpima makohozi kwa kifua kikuu pia, na walifanya vyema: kikohozi kinachopita wiki 2, na hasa kikiwa na jasho la usiku na kukonda, lazima kipimwe TB.

Kuna nimonia isiyoanza na vijidudu, nayo haikosekani kwenye nyumba za koroboi. Mafuta ya taa huwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto akayanywa. Wakubwa humtapisha au humnywesha maziwa, na hapo ndipo wanapomuumiza, maana akitapika mafuta huingia mapafuni. Asitapishwe. Apelekwe hospitali kama alivyo.

Fedha ni kisingizio cha kweli, lakini si kikubwa kama zamani. Makueni ilianzisha mpango wa matibabu wa MakueniCare mwaka 2016, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, na tangu Oktoba 2024 aliyesajiliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hatakiwi kulipia matibabu ya msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma. Kinachobaki ni umbali. Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 30,000, na hakuna kadi ya bima inayomvusha mtoto mlima saa nne za usiku. Mipango ya kaunti hupenda kuhesabu majengo. Ningependa siku moja ihesabu pikipiki zinazokubali kutoka usiku.

Kwa hiyo, wewe uliye Nairobi, Mombasa au Riyadh na mwanao yuko kwa susu, badilisha maswali yako ya simu. "Ana joto?" halitoshi. Uliza amekunywa nini leo na amekitapika au la. Mwambie susu afungue nguo, aweke simu kwenye spika, mhesabu pumzi pamoja kwa dakika moja. Muulize ukurasa wa chanjo unasomekaje. Kisha mtafute mwenye bodaboda wa karibu leo, kabla ya ugonjwa, mkubaliane bei ya usiku, na namba yake iandikwe kwa kalamu nyuma ya kitabu cha kliniki.