Soko la Madina na Mizani ya Singida



Katika Sura Al-Furqan, ambayo ni sura ya 25 ya Kurani Tukufu, imetajwa hoja moja ya ajabu waliyoitoa makafiri wa Makka juu ya Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Walistaajabu kwamba mtu adaiye kuwa mjumbe wa Mungu anakula chakula na kutembea masokoni kama watu wengine. Kwao soko lilikuwa mahali pa ujanja na faida, na Mungu alikuwa na mahali Pake pengine. Sura hiyo hiyo inawajibu kwamba Mitume wote waliotangulia nao walikula chakula na walitembea masokoni. Islam haikulionea haya jambo hilo hata kidogo, kwa maana dini isiyoingia sokoni imemwachia shetani nusu ya maisha ya mwanadamu.

Wewe uliyeingia katika Islam karibuni, na wewe ambaye ungali unaichunguza, bila shaka umekwisha kuelezwa habari za Sala, Saumu, Zaka na Hija. Lakini pengine hujaelezwa habari za soko. Nawe labda ni mkulima wa vitunguu wa Mkalama, au mnunuzi wa alizeti wa Ikungi, au mama auzaye mtama kwa kisado pale Manyoni. Siku moja tu ya juma huenda msikitini kwa Sala ya Ijumaa, bali sokoni huenda karibu kila siku. Basi yafaa tuulize: Je, Islam inasema nini juu ya mahali hapo?

Mtukufu Mtume s.a.w. alipohamia Madina katika mwaka 622, alijenga msikiti. Mji huo ulikuwa na masoko, na lililovuma ni lile la Banu Qainuqa. Huko ndiko alikokwenda Abdur-Rahman bin Auf r.a., aliyehama Makka mikono mitupu. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii r.a., alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimwombea baraka, kisha akamwomba amwonyeshe njia ya kwenda sokoni. Akaanza na jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Waislamu.

Lakini Mtume s.a.w. hakuridhika Waislamu waendelee hivyo. Imepokewa katika Hadithi ya Ibn Majah kwamba alikwenda kuyaangalia masoko yaliyokuwapo, akasema hayawafai. Kisha akafika kwenye kiwanja kimoja, akakizunguka, akawaambia kwamba hilo ndilo soko lao, lisipunguzwe wala lisitozwe kodi. Angalia, ndugu yangu! Kiwanja kitupu, bila pango na bila ushuru wa kuingilia. Na Seyidna Umar r.a. alifuata desturi kwamba soko ni kama msikiti: atanguliaye kufika mahali ndiye mwenye haki napo mpaka aondoke. Kama vile tajiri asivyoweza kununua safu ya mbele msikitini, hakuweza kununua pembe nzuri ya soko.

Katika kiwanja hicho zilitawala kanuni ambazo nitazieleza moja moja, nikizilinganisha na mambo ya mkoa wetu.

Kwanza, kipimo kamili. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watu wapunjao vipimo, na inawaonya kwa adhabu kali wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia watu hupunguza. Kadhalika Nabii Shuaib a.s. alitumwa kwa watu wa Madyan, na pamoja na kuwaita kwa Mungu Mmoja aliwaita kwenye mizani ya haki. Sasa njoo Singida. Vitunguu vya mkoa huu vinajulikana mbali, na katika soko la Misuna mjini Singida wanafika wanunuzi kutoka pande nyingi. Na kila mkulima wa vitunguu anaijua lumbesa: gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kilemba juu yake kwa kamba na kushonewa. Mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja. Tuseme lahesabiwa kilo 100 nalo lina kilo 130. Mkulima akiuza magunia 10 ya namna hiyo, ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu kamili, jasho la miezi. Sheria ya nchi imekataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo umewekwa ulisimamie. Lakini kabla ya sheria ya nchi, Sura Al-Mutaffifin ilikwisha kulikataza karne 14 zilizopita. Mwislamu anayenunua kwa lumbesa asijidanganye kwamba ni desturi ya soko tu. Watu wa Madyan nao walikuwa na desturi.

Pili, muuzaji ajue bei. Mtume s.a.w. alikataza watu kuitokea misafara njiani na kununua bidhaa zake kabla hazijafika sokoni, na akasema mwenye mali akifika sokoni na kuiona bei, ana hiari ya kuvunja mapatano. Sababu yake ni wazi: mtu wa mashamba hajui bei ya mjini, na mwenye kumtokea njiani ananunua ujinga wake pamoja na mazao yake. Leo dalali huja mpaka shambani, tena wakati mwingine kabla mazao hayajakomaa. Mtume s.a.w. alikataza pia kuuza matunda kabla hayajaonekana kuiva. Mkoani Kagera uuzaji wa kahawa ikiwa bado mtini waitwa butura; kusini, ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo halali waitwa kangomba. Majina ni mengi, lakini ugonjwa ni mmoja: mwenye njaa ya leo huuza mavuno ya kesho kwa thamani ya njaa yake.

Hata hivyo Islam haikumwacha mkulima mwenye shida bila njia. Imeruhusu biashara ya salam, yaani kulipa fedha taslimu mbele na kupokea mazao baadaye, kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na wakati ujulikane. Lau mnunuzi angempa mkulima fedha za mbegu mwezi wa Novemba mvua zinapoanza, wakaandikiana kilo kadhaa za alizeti zitakazotolewa mwezi fulani, kwa bei waliyoridhiana bila mmoja kumkandamiza mwenzake, wote wawili wangepata haki na thawabu. Na ndiyo maana katika Sura Al-Baqara iko aya ndefu kuliko aya zote za Kurani, nayo inaamuru madeni yaandikwe mbele ya mashahidi.

Tatu, uwazi wa bidhaa. Siku moja Mtume s.a.w. alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ilinyeshewa na mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyoloa juu ili watu waione. Akasema adanganyaye si katika wafuasi wake. Hapa mkulima naye asikilize, maana makosa si ya mnunuzi peke yake. Ni nani aliyeweka vitunguu vilivyooza katikati ya gunia? Ni nani aliyechanganya asali na maji ya sukari, akaiita asali ya Manyoni? Aliyepunjwa kwa lumbesa hakupewa ruhusa ya kulipiza kwa udanganyifu.

Nne, kutoficha chakula. Mtume s.a.w. amesema kwamba mwenye kuhodhi vyakula ili bei ipande ni mwenye dhambi. Singida ni nchi ya mvua chache. Mtama na uwele hupandwa kwa sababu vyastahimili ukame. Mvua zikikatika mapema, debe la nafaka hupanda bei upesi. Kuweka akiba si dhambi: Nabii Yusuf a.s. aliweka ngano miaka saba ili awalishe watu, na mkulima anayejaza ghala lake kwa ajili ya watoto wake hana lawama. Dhambi ni kuingojea njaa ya jirani kama mtu angojeavyo mavuno.

Tano, soko liwe na msimamizi mwaminifu. Seyidna Umar r.a. alikuwa akizunguka sokoni yeye mwenyewe, na imepokewa kwamba alimpa bibi mmoja mwenye elimu, Shifa binti Abdullah r.a., kazi katika mambo ya soko la Madina. Baadaye kazi hii iliitwa hisba, na mwenye kuifanya akaitwa muhtasibu. Alikagua mizani, akatazama vyakula, akawaonya wadanganyifu.

Huenda mtu akauliza: Je, Islam basi inataka Serikali ipange bei zote? La. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume s.a.w. awapangie. Alikataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye apandishaye na kushusha, naye anatumaini kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma katika damu wala mali. Wanazuoni wa baadaye, kama Ibn Taimiyya, wameeleza kwamba mtawala aweza kuingilia wakati wafanyabiashara wanapokula njama. Kanuni yenyewe basi ni hii: bei ni huru, lakini kipimo si huru, na uongo si huru.

Nchi yetu imekwisha kuzijaribu njia mbili nyingine. Katika mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mashirika ya umma yakawa ndiyo wanunuzi wa mazao kwa bei iliyopangwa; vyama hivyo vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Bidhaa zikawa adimu, walanguzi wakaneemeka, na mwaka 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliendesha msako mkubwa dhidi yao. Kisha tangu mwaka 1986 milango ya soko huria ikafunguliwa hatua kwa hatua. Bidhaa zikaonekana tena, lakini mkulima akakutana na dalali mwenye gunia lake. Katika njia ya kwanza bei ilifungwa. Katika ya pili mpaka kipimo kilifunguliwa. Soko la Madina halikufanya mojawapo ya hayo.

Yako mambo mema ambayo Mwislamu hana budi kuyakiri yafanyikapo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na asafirishaye mzigo usiozidi tani 1 akasamehewa. Mpango wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, umeletwa pia katika mazao kama dengu na choroko, mkoani Singida na kwingineko. Mazao hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa mnada wa wazi. Haya yaelekea roho ya Madina. Lakini fedha za mkulima zikicheleweshwa, dhuluma imeingia kwa mlango mwingine, kwani Mtume s.a.w. amesema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhuluma.

Sasa nakuja kwenye swali gumu zaidi, ambalo mchunguzi wa dini ana haki ya kuliuliza: Mbona wengine katika hao wanunuao kwa lumbesa wanaitwa Juma na Ramadhani? Swali hili halifai kukwepwa. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita sehemu za Kilimatinde, na wengi wa wakuu wake walikuwa Waislamu. Waliswali njiani, na Islam ikafahamika bara kwa njia hiyo. Lakini baadhi yao walibeba pembe na wanadamu pamoja. Watemi wa njiani wakawatoza hongo ili wapite, na neno hilo hilo leo ndilo jina la rushwa. Soko lililoshikwa na Waislamu si lazima liwe soko la Islam. Wahukumu watu kwa mafundisho ya dini yao. Usiyahukumu mafundisho kwa watu walioyaacha.

Lakini jibu hilo, ndugu yangu uliyeingia Islam, halikutoshi wewe. Jirani yako asiye Mwislamu hatasoma Hadithi ya Ibn Majah. Ataisoma mizani yako. Ukimpunja kilo 5, utakuwa umemhubiria kwamba Sala yako ni mchezo wa viungo. Ukimwambia bei ya kweli ya mjini ambayo hakuijua, ukampimia kilo kwa kilo, utakuwa umemfungulia mlango ambao mahubiri yangu ya miaka mingi hayawezi kuufungua.

Na usiseme, "Mimi ni mdogo, sina uwezo wa kulirekebisha soko." Soko la Madina lilianza kwa kiwanja kitupu na watu wachache waliookubali kanuni zake. Waislamu wa kijiji kimoja wanaweza kuchanga fedha wakanunua mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, wakaiweka gulioni ili kila mtu, awe wa dini yoyote, apime mzigo wake bure kabla ya kuuza. Wanaweza kuuliza bei za Misuna kwa simu na kuzitangaza. Wanaweza kuapa kwamba hakuna mmoja wao atakayenunua wala kuuza lumbesa, hata jirani zao wakifanya hivyo na kupata faida zaidi. Hasara itakuwapo siku za kwanza. Anayekuficha hilo hakutakii mema. Lakini Mtume s.a.w. ametoa habari njema kwamba mfanyabiashara mkweli na mwaminifu atakuwa pamoja na Manabii, wakweli na mashahidi. Ni faida gani ya kilemba cha gunia iwezayo kulinganishwa na cheo hicho?

Mwenyezi Mungu azifanye mizani zetu kuwa mashahidi wetu na si washitaki wetu, awape wakulima wetu thamani ya jasho lao, na ayafanye masoko yetu yawe mahali ambapo Mtume Wake s.a.w. angeweza kutembea bila ya kuudhika. Amin.