Daftari la Wasomaji ni la Nani?

Si mara chache mwalimu wa lugha hukabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule bila ya kuulizwa kama anautaka. Siku hiyo hiyo huwa mkutubi, naye huwa na mabwana wawili: mkuu aliyempa ufunguo, na msomaji ajaye kuazima kitabu. Kwa kawaida mabwana hao hawagombani. Vitabu vyapigwa mhuri, vyapangwa rafuni, na kila mtu ameridhika.

Ugomvi huja siku mkuu anapolitaka daftari. Mwenzetu mmoja aliagizwa kulipeleka ofisini ili ijulikane ni wanafunzi gani waliokwisha kuisoma riwaya fulani. Barua ya matusi isiyo na jina ilikuwa imeokotwa bwenini, na maneno yake yalidhaniwa kutoka humo. Alilipeleka. Hatumlaumu sana, maana nasi tuna watoto wa kulisha. Lakini tokea wiki ile wanafunzi waliacha kuazima; wakawa wanasoma wima kati ya rafu, kurasa chache kila siku, kisha wanakirudisha kitabu mahali pake.

Huenda mtu akasema kuwa daftari limenunuliwa kwa fedha za shule, na mkutubi hulipwa mshahara. Siri itoke wapi? Hoja hii ina nguvu. Mwajiri ana haki ya kujua ni vitabu vingapi vimeazimwa, vingapi vimepotea, na nani hajarudisha. Deni si siri. Lakini kitabu kikisharudi salama, haki hiyo imekwisha. Kinachobaki ni habari ya fikra za mtu, na hiyo haikununuliwa pamoja na karatasi.

Mwaka 1972 huko Marekani, Zoia Horn, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, alikataa kutoa ushahidi katika kesi ya watu waliopinga vita vya Vietnam. Mpelelezi aliyetumiwa dhidi ya washtakiwa alikuwa mfungwa aliyeruhusiwa kufanya kazi katika maktaba ya chuo hicho. Bibi Horn aliona kuwa kesi ya namna hiyo yahatarisha uhuru wa fikra. Alikaa jela siku 20.

Hatusemi kila mwalimu aende jela kwa ajili ya daftari. Iko njia nyepesi, nayo ni ya zamani: mfumo wa kadi uitwao wa Browne. Kadi ya kitabu hutiwa ndani ya kijifuko chenye jina la msomaji. Kitabu kirudipo, viwili hivyo hutenganishwa, na hakuna alama ibakiayo. Mkutubi akiulizwa hana la kuficha, kwa kuwa hakuweka kitu. Hata kompyuta yaweza kufanya hivyo, mradi iagizwe kufuta.

Limebaki moja linalotusumbua. Je, mtoto aliyevunjika moyo akiazima mara kwa mara vitabu vya sumu, tunyamaze? Hapana. Tungemwita yeye mwenyewe kwanza, kwa upole, na hatari ikiwa ya kweli tungesema, huku tukijua kuwa tumeivunja amana na ni kwa sababu gani. Barua ya matusi haifikii huko.

Mwenzetu yule bado anao ufunguo. Daftari limo kabatini, naye jioni hukaa akikata vijifuko vya kadi kutoka katika kalenda kuukuu.